Buli Lililokataa Kupika Kahawa: Uchambuzi wa Kisa cha Namba 418

Mwanzoni mwa Agosti 2017, Mark Nottingham, mwenyekiti wa kikosi kazi kinachosimamia HTTP, yaani itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo vivinjari na seva za wavuti huitumia kuzungumza, katika jumuiya ya wahandisi wa intaneti inayojulikana kwa kifupi kama IETF, aliwaandikia watunzaji wa Node.js, mfumo wa kuendesha programu za JavaScript kwenye seva, akiwaomba waondoe mstari mmoja katika msimbo wao. Siku hizohizo alipeleka ombi la namna hiyohiyo kwa watunzaji wa lugha ya programu ya Go, na kwa wale wa Requests ya Python na wa HttpAbstractions ya ASP.NET, ambazo ni maktaba, yaani mikusanyo ya msimbo ulio tayari kutumiwa na wanaprogramu wengine. Mstari wenyewe uliipa namba 418 maelezo haya: "I'm a teapot", yaani "mimi ni buli". Ombi ambalo lingeweza kupita kama usafi wa kawaida wa msimbo liligeuka, kwa muda wa saa chache, kuwa vuguvugu lenye jina, tovuti na alama ya reli yake mitandaoni, na aliyelianzisha alikuwa kijana wa miaka 15.

Waliokisimulia kisa hiki wakati ule walikisimulia kama vita kati ya mkiritimba asiyejua kucheka na vijana waliokuwa wakiutetea utani wao. Masimulizi hayo yanavutia, lakini yanaanguka mara tu mtu anapoisoma hati iliyouzaa utani wenyewe, kwa sababu hapo anagundua kwamba aliyetaka kuliondoa buli alikuwa ameuelewa utani huo vizuri zaidi kuliko wengi wa waliolinusuru.

Tuanze na namba. Kila mtu anapofungua ukurasa wa wavuti, kivinjari chake hutuma ombi kwa seva, na seva hurudisha jibu ambalo mwanzoni mwake kuna namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayobeba uzito: 2 ina maana kwamba ombi limefanikiwa, 3 humwelekeza mwombaji kwingine, 4 humwambia kwamba kasoro iko upande wake, na 5 hukiri kwamba kasoro iko upande wa seva. Hata asiyejua lolote kuhusu programu amewahi kukutana na 404. Kivinjari kinachopokea namba kisichoifahamu hutakiwa kuichukulia kama namba ya kwanza ya kundi lake, kwa hiyo namba yoyote ngeni inayoanza na 4 hueleweka kama 400, yaani ombi lisilofaa. Kanuni hii ndogo ndiyo iliyofanya utani wa buli uishi miaka mingi bila kumdhuru mtu.

Hati zinazoeleza itifaki za intaneti huitwa RFC, na mtindo wake ni mkavu kwa makusudi: sehemu zenye namba, jedwali za sarufi, na maneno ya masharti yanayoandikwa kwa herufi kubwa ili pasiwe na ubishi juu ya kipi ni lazima na kipi ni hiari. Ukavu huo ndio unaowafurahisha wataalamu pale mmoja wao anapoutumia kueleza upuuzi. Hati ya kwanza ya Siku ya Wajinga ilitoka tarehe 1 Aprili 1978, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 desturi hiyo imeendelea karibu kila mwaka. Iliyo maarufu kuliko zote huenda ni ile ya mwaka 1990 iliyoeleza jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa, ambayo kikundi cha watumiaji wa Linux mjini Bergen, Norwei, kiliitekeleza kweli mwaka 2001: njiwa walibeba pakiti 9, yakarudi majibu 4, na jibu lililowahi kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50. Wanaprogramu ni watu wa namna hiyo. Ukiwapa mzaha ulioandikwa kwa masharti kamili, atapatikana mmoja wao wa kuutekeleza, na hilo linafaa kukumbukwa tunapofika kwenye birika.

Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter, ambaye wakati huo alikuwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, na ambaye mwaka uliofuata jina lake lingetokea miongoni mwa waandishi wa hati rasmi ya HTTP/1.1, alichapisha RFC 2324. Hati hiyo inaeleza itifaki ya kudhibiti birika la kahawa kwa njia ya intaneti. Haina hata sentensi moja inayokonyeza jicho waziwazi. Inadai kwamba watu wa kompyuta wanazidi kutaka kupika kahawa na kwamba inahitajika itifaki maalumu kwa ajili hiyo, kisha inaanza kazi. Kuna amri ya kupika kahawa. Kuna kichwa cha ombi, yaani mstari wa maelezo unaotangulia ombi lenyewe, kinachoorodhesha viongezwa: maziwa, sharubati, kitamu, viungo, na hata kileo cha aina fulani. Kuna amri ya kumwambia anayemimina maziwa "basi", itumwe pale kiasi kinapotosha. Kuna mfumo wa anwani ambao neno la kahawa ndani yake linaweza kuandikwa kwa lugha nyingi za dunia. Kahawa isiyo na kafeini imeachwa nje, na hati inauliza tu kwamba ingekuwa na maana gani.

Sehemu ya usalama, ambayo kila RFC inatakiwa kuwa nayo, ndiyo inayonichekesha zaidi. Masinter anaonya kwamba birika lisilolindwa likiachwa wazi mtandaoni linaweza kushambuliwa kwa namna ya kuwanyima watu kahawa. Kwamba kichujio kikitumiwa vibaya kinaweza kupitisha unga wa kahawa wa aina ya Trojan, jina la programu hasidi zinazojifanya kuwa kitu kisicho na madhara. Na kwamba unga huo ukimwagwa katika mabomba ya intaneti utayaziba, na hapo atahitajika fundi bomba wa intaneti, ambaye naye atahitaji msaidizi wake. Kila mzaha hapo umejengwa juu ya istilahi ambayo msomaji wa hati hizi huitumia kila siku akiwa kazini, na ndiyo maana haupotezi makali kwa kusomwa tena.

Jambo linalosahaulika ni kwamba wazo lenyewe halikuwa la kubuniwa moja kwa moja. Hati yenyewe inataja mashine ya kuuza soda iliyounganishwa na mtandao ili watu wajue hali yake bila kuifuata ilipo, na kibaniko cha mkate kilichoendeshwa kwa intaneti mwaka 1990. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye birika la kahawa tangu 1991 ili watafiti waliokaa mbali nalo wasipande ngazi bure na kulikuta tupu. Picha yake iliwekwa kwenye wavuti mwaka 1993, na kamera ikazimwa mwaka 2001, ambapo birika hilo liliuzwa kwa mnada kwa pauni 3,350. Kwa hiyo mwaka 1998 kuunganisha kila chombo cha jikoni na mtandao lilikuwa jambo ambalo watu wenye akili timamu walikuwa wameshaanza kulifanya, na Masinter alilichukua akalivuta hatua chache mbele. Miaka 18 baadaye, mtaalamu mmoja wa data nchini Uingereza alitumia saa 11 kujaribu kulishawishi birika lake la umeme lenye Wi-Fi limchemshie maji ya chai, huku watu wakifuatilia mkasa wake mtandaoni hatua kwa hatua. Hakuna hati ya Aprili iliyothubutu kubuni jambo kama hilo.

Katikati ya hati hiyo ndimo ilimo namba 418. Masharti yanasema kwamba jaribio lolote la kupika kahawa kwa kutumia buli linapaswa kujibiwa kwa namba hiyo pamoja na maneno "mimi ni buli", na kwamba mwili wa jibu unaweza kuwa mfupi na mnene. Msomaji aliyelelewa kwa Kiingereza hucheka hapo mara moja, kwa kuwa maneno hayo yanatoka katika wimbo wa watoto wa mwaka 1939 ambamo buli hujitambulisha kwa ufupi na unene wake. Mwandishi amechukua neno la masharti linaloruhusu jambo bila kulilazimisha, akaliweka kabla ya maneno ya wimbo wa chekechea, na sentensi ikatoka safi kisheria. Asiyeujua wimbo huo bado hubaki na nusu ya pili ya kichekesho: chombo kinachokataa kazi kwa kueleza jinsi kilivyoumbwa, kwa adabu, na kwa namba inayomwambia mwombaji kwamba kosa ni lake.

Mwaka 2014, tarehe 1 Aprili vilevile, Imran Nazar alichapisha RFC 7168 ili kuwatendea haki wanywaji wa chai. Humo alitenganisha hali mbili kwa uangalifu ambao hati nyingi za kweli zingeuonea wivu: birika ambalo kwa sasa halijaandaliwa kupika kahawa linaweza kujibu 503, ambayo ni hali ya muda, lakini linaloona kwamba litabaki buli maisha yake yote lijibu 418.

Sasa tufike kwenye msimbo. Hakuna mkutano uliokaa na kuamua kwamba 418 iingizwe katika mifumo inayoendesha sehemu kubwa ya wavuti. Iliingia kwa sababu kila maktaba ya HTTP huhitaji jedwali la namba na maana zake, na mtu anayejaza jedwali hilo kwa mkono, akishafika 417, hukumbana na kishawishi ambacho ni wachache wanaokishinda. Node.js ilikuwa nayo. Requests ilikuwa nayo. Go ililipa buli jina rasmi, StatusTeapot, na mwaka 2017 maelezo yaliyoandikwa pembeni ya jina hilo yaliitaja RFC 7168 kuwa ndiyo idhini yake, yaani utani uliojengwa juu ya utani ulitajwa kwa namba ya kifungu, sawa kabisa na hati za kweli zilizotajwa katika mistari ya juu na ya chini yake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Hapa usaha haukutunga, ila jedwali lilishakuwa na mkazi ambaye hakusajiliwa popote.

Hoja ya Nottingham ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni wa kisheria: 418 ni mali ya itifaki ya birika la kahawa, na haijawahi kuwa namba ya HTTP, kwa hiyo haina nafasi katika jedwali la HTTP. Mguu wa pili ni wa matumizi ya baadaye: namba za kundi la 4 ni 100 tu, na siku ambayo wahandisi wangetaka kuipa 418 kazi ya kweli, wangekuta mifumo mikubwa imeshaipa maana nyingine. Nyuma ya hoja hizo kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Masinter mwenyewe amekwisha kueleza kwamba hati yake ilikuwa na nia ya dhati: ilikusanya mahali pamoja njia mbalimbali ambazo watu walikuwa wakizitumia kuipanua HTTP pasipostahili. Amri mpya zisizo na haja, vichwa vipya vya ombi, aina mpya za anwani, na namba za hali zinazohusu programu moja tu. Yote hayo yamo katika itifaki ya birika kama vielelezo vya kosa. Namba 418 ni kielelezo kimojawapo. Aliyeichukua na kuipachika katika maktaba ya HTTP alilitenda lile kosa ambalo utani ulikuwa ukilikejeli, akidhani kwamba anauenzi.

Waliopinga hawakuwa na muda wa kusikiliza hayo. Kijana yule alifungua tovuti ya kuitetea 418, akaandika kwamba namba hiyo inakumbusha kuwa mambo yanayotendeka ndani ya kompyuta bado hutengenezwa na binadamu, na maelfu ya watu wakamuunga mkono. Hoja hiyo ni ya hisia, na sisemi hivyo kwa kuibeza. Mtu anayeshinda siku nzima akisoma jedwali za makosa ana haki ya kukutana na ishara kwamba aliyeziandika naye alikuwa mtu. Ila ni hoja inayoweza kutetea mzaha wowote mahali popote, na watu walewale waliokuwa wakiitoa wangekuwa wa kwanza kulalamika kama kila mtunza maktaba angejiwekea ishara yake ya ubinadamu katika msimbo wanaoutegemea.

Hoja nzito ilitoka mahali pasipo na mapenzi yoyote kwa mabuli, nayo ni ahadi ya uthabiti. Tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2012, Go imeahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa toleo hilo itaendelea kujengeka katika matoleo yanayofuata. Kuliondoa jina StatusTeapot kungevunja programu ya kila aliyelitumia, hata kama alilitumia kwa mchezo, na mtunza lugha hana namna ya kujua ni nani anacheza na nani amelitegemea. Mtu anaweza kukubaliana na kila neno la Nottingham na bado akasema kwamba muda wa kulifanya hilo umepita. Kwa maoni yangu hapa ndipo ombi lake liliposhindwa kwa haki, kwa sababu alikuwa akitumia kanuni ya hati kwa watu wanaobanwa na kanuni nyingine, ile ya kutovunja kazi ya wengine, ambayo katika maisha ya kila siku ya wanaprogramu ina nguvu kuliko ya kwanza. Miradi yote minne ilikataa kuiondoa namba hiyo.

Kumwita Nottingham adui wa utani ni kumwonea, na ushahidi uko karibu. Chini ya miaka miwili kabla ya sakata hilo, kikosi kazi alichokiongoza kilipitisha namba 451, iliyopendekezwa na Tim Bray na kuchapishwa Februari 2016 kama RFC 7725. Namba hiyo hutolewa pale seva inapozuiwa kisheria kuonyesha maudhui fulani, na ilichaguliwa kwa kumkumbuka Ray Bradbury, ambaye riwaya yake ya mwaka 1953 kuhusu uchomaji wa vitabu inabeba namba hiyohiyo. Hapa kuna rejeo la fasihi lililoingia katika sheria za wavuti kwa mlango wa mbele. Tofauti na 418 ni kwamba rejeo hilo limo katika uchaguzi wa namba peke yake, huku maana ya namba ikifanya kazi inayohitajika, kwani asiyewahi kumsoma Bradbury hufahamu bado kwamba ukurasa umezuiwa na sheria. Katika 418 utani ndio maana yenyewe, na ukiuondoa hakuna kinachobaki.

Baada ya kushindwa, Nottingham alichukua hatua ambayo watu wengi wa vyeo hawaiwezi: aliandika rasimu ya kuitenga namba 418 ili isigawiwe kwa matumizi mengine, na jina la faili la rasimu hiyo lilikuwa na maneno ya kumshukuru Larry. Kutenga si kuhalalisha. Daftari la namba, linalotunzwa na IANA, chombo kinachoratibu namba za intaneti, lingeitaja 418 bila kuipa maana, ili yeyote atakayekuja baadaye ajue kwamba kiti hicho kina mtu ingawa mtu huyo hana kazi. Kuna mfano wa namna hiyo katika kundi hilohilo: 402, iliyokusudiwa mambo ya malipo, imesubiri tangu miaka ya 1990 ikiwa imewekwa kando kwa matumizi ya baadaye, na watu makini kabisa waliokuwa na nia njema nayo hawajaipa masharti rasmi katika HTTP hadi leo.

Wakati hayo yakipikwa, buli liliendelea kupata kazi za kando. Google inao ukurasa unaojibu 418 na kuonyesha mchoro wa buli. Jambo la ajabu zaidi lilitokea Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine: tovuti ya jeshi la Urusi ilianza kuwajibu waliojaribu kuifungua kutoka nje ya nchi kwa namba 418, na waliochunguza walilitafsiri jibu hilo kuwa njia ya kujikinga na mashambulizi ya kuilemea seva. Namba iliyozaliwa ili kumkatalia mpenda kahawa ilikuwa sasa imesimama langoni mwa wizara ya ulinzi wakati wa vita. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi wa hoja ya Nottingham kwamba namba isiyo na maana rasmi hupewa maana na yeyote anayeihitaji. Na kwa upande mwingine, ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi kwamba isingewezekana tena kuifuta.

Juni 2022 ilitoka RFC 9110, hati inayoeleza maana za HTTP kwa sasa. Kifungu chake cha 15.5.19 kinaitaja 418 kwa kichwa kinachosema kwamba haitumiki. Maelezo yake ni mafupi: RFC 2324 ilikuwa hati ya tarehe 1 Aprili iliyokejeli jinsi HTTP ilivyokuwa ikitumiwa vibaya, matumizi mabaya mojawapo yalikuwa kubuni namba ya hali kwa ajili ya programu moja, na namba hiyo imetumiwa kwa mzaha mara nyingi kiasi kwamba haifai tena kwa kazi nyingine. Waandishi walipata njia ya kuuhifadhi utani na hoja iliyokuwa ndani yake kwa pamoja, jambo ambalo waliolinusuru buli hawakulifanya. Watunzaji wa Go nao walisahihisha maelezo ya pembeni, na sasa StatusTeapot inakitaja kifungu hicho cha 2022 pamoja na tamko lake kwamba namba haitumiki, ingawa jina lenyewe liko palepale na bado linajengeka.

Kifungu hicho kimeacha mlango mmoja wazi. Namba za kundi la 4 zikiisha, 418 inaweza kupewa kazi nyingine. Mpaka sasa zilizoandikishwa katika kundi hilo, buli likiwemo, hazijafika 30 kati ya 100, na hizo zimekusanywa kwa takriban miongo mitatu.